Nimemchora mama akiwa nusu cherehani, naye hanipigii simu tena

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 27, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa sita niko Dar es Salaam. Kazi yangu ni kuchora. Riziki yangu inatoka kwenye vitabu vya watoto: mchapishaji ananipa hadithi, nami nachora sungura na fisi, mtoto anayekwenda kisimani, bibi anayepepeta mchele. Nalipwa shilingi 25,000 kwa ukurasa. Kazi hiyo naipenda na siionei haya. Lakini usiku, nikishamaliza ya watu, nachora yangu, na hayo yangu hayafanani na ya mchana. Nachora mtu ambaye mbavu zake ni ngazi, au mnazi uliozaa viatu vya shule. Vinakuja vyenyewe nikiwa nimechoka, nami navichora kabla havijapotea.

Mwaka huu nimepata bahati niliyoiomba muda mrefu. Nyumba moja ya maonyesho hapa mjini inaandaa maonyesho ya pamoja ya wachoraji chipukizi. Tuko tisa. Wengine ni kama mimi, wachoraji wa vitabu na magazeti. Wengine wanachora ndoto tupu, ile sanaa inayoitwa usurealisti. Mwenzetu mmoja ana picha ya daladala iliyojaa samaki waliovaa suti, na kondakta wake ni paka. Kila mtu amepewa ukuta wake na nafasi ya picha tatu. Ufunguzi ni wiki tano zijazo.

Katika picha zangu tatu, iliyo kubwa ni ya mama. Ni turubai ya sentimita 90 kwa 120, rangi ya akriliki na wino. Mama ameketi gizani. Kuanzia kichwani hadi kiunoni ni yeye, na kanga yake, na kile kidoti chake cha shavuni. Kuanzia kiunoni kwenda chini ni cherehani ya kukanyaga, ile nyeusi yenye maua ya dhahabu, na miguu yake imekuwa vyuma vya pedeli. Uzi mweupe unatoka kwenye jicho lake la kulia, unashuka moja kwa moja hadi kwenye sindano. Kitambaa anachoshona ni sare za shule, na ndani ya kila sare kuna mtoto amelala.

Shangazi, baba aliondoka nikiwa darasa la pili. Tulibaki watatu kwenye chumba kimoja Ngamiani: mama, mdogo wangu wa kiume na mimi, na hiyo cherehani. Mama alishona sare za watoto wa wenzake mpaka alfajiri, hasa Januari. Mimi nililala chini, juu ya vipande vya kitambaa vilivyobaki, sauti ya pedeli ikiwa kichwani. Ikinyamaza, nilishtuka. Mpaka leo nikilala mahali penye ukimya mwingi, usingizi haushiki. Picha ile ni shukrani yangu. Sikuwahi kuchora kitu kwa mapenzi kama hayo.

Msimamizi wa maonyesho alipoiona alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akasema hiyo ndiyo itakayokaa kwenye bango na kadi za mwaliko. Akaiweka kwenye ukurasa wao wa Instagram. Mama mdogo akaiona, akaitupa kwenye kundi la familia la WhatsApp na maneno haya: "Jamani, tazameni mtoto wa dada alivyomgeuza mamake zimwi." Watu wakaanza. Mmoja akasema ni uchawi, mwingine akasema kumchanganya mwanadamu na chuma ni kumkufuru Mungu aliyeumba. Kwetu ni Waislamu, Shangazi, na neno hilo si dogo.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda Tanga. Nilimkuta mama jikoni. Nikampa simu mwenyewe ili aione vizuri. Akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza huku na huku. Nilisubiri aseme neno. Akasema: "Uzi haupiti hapo. Ukipita hapo unakatika." Basi. Akanirudishia simu, akaenda kupalia mkaa juu ya wali. Nililala siku moja nikarudi Dar. Tangu hapo ni siku 16, hanipigii, na nikipiga anampa simu mdogo wangu. Mama mdogo ananiambia: "Mamako umemdhalilisha, umeanika shida zake ukutani watu wanywe soda wakizitazama."

Mama hajui sanaa. Hajawahi kuingia kwenye nyumba ya maonyesho hata siku moja. Simlaumu, lakini nitamwelezaje kitu ambacho hana macho nacho? Nikiiondoa picha najua nafasi yangu atapewa mwingine, maana fomu nimeshasaini na bango linakwenda kwa mpiga chapa ndani ya siku 10. Kuna mtu ameshauliza bei. Imepangwa shilingi 1,800,000, wao wanachukua asilimia 40. Nikiionyesha, nitakuwa nimempoteza mama. Nichague nini, Shangazi? Na je, ni haki mtu azuiwe kuchora maisha yake mwenyewe?

Ni mimi,
Binti wa Cherehani, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikitafuta jambo moja tu: mahali mama yako aliposema amedhalilika. Sikupaona. Nimemwona mama mdogo akisema, na ndugu wa kwenye simu wakisema. Wewe pia umesema, kwa niaba yake, kwamba hana macho na sanaa. Mama mwenyewe, katika barua yote, amesema sentensi mbili, na zote mbili ni za uzi.

Nikikuelewa vizuri, shida yako ni hii. Umechora picha ya mapenzi, na imeonekana na watu kabla ya kuonwa na anayepewa. Sasa kuna upande wa mlango uliousubiri miaka sita, na kuna upande wa mama ambaye hakupigii simu, nawe unaona ni lazima upande mmoja uvunjike. Siku 10 zinakukimbiza. Kifua kimejaa. Pole sana, mwanangu. Mama akinyamaza, hata mtu mzima hurudi kuwa mtoto, na wewe umenieleza kwamba tangu utotoni ukimya ndio unaokutisha kuliko sauti.

Naomba turudi jikoni Tanga. Mwanamke anavaa miwani. Anakuza picha kwa vidole viwili, anaisogeza huku na huku. Mtu aliyekasirika haikuzi picha, mwanangu, anairudisha. Yeye aliufuata uzi wako kutoka jichoni mpaka kwenye sindano, akaona kwamba umeuruka mwili mzima wa cherehani. Kwenye cherehani ya kweli uzi unatoka kwenye kibiringo, unapita kwenye vile visahani viwili vinavyoukaza, unapanda kwenye ule mkono unaoinuka na kushuka, ndipo unateremka kwenye sindano. Ukiuchomeka moja kwa moja, haukazwi na chochote, unajikunja na kukatika. Fundi aliyeshona sare miaka yote hiyo aliliona kosa hilo kwa kutazama mara moja. Wewe ulisikia anaikataa picha yako. Mimi nasikia mtu ameisoma kuliko msimamizi wa maonyesho, kuliko aliyeuliza bei, na uniwie radhi, kuliko hata wewe uliyeichora.

Kwa hiyo lile neno "mama hajui sanaa" naomba uliweke chini kwanza. Mama yako amekata kitambaa bapa kikamkaa mtoto mwenye mabega, hiyo ni kazi ya kuona kitu kabla hakijawepo. Tena amekulia pwani. Tangu utoto ameambiwa "nyumba yangu haina mlango" akajibu "yai" bila kuuliza nyumba gani hiyo isiyo na mlango. Anajua kwamba kitu kinaweza kuwa kitu kingine. Hata hayo mazimwi anayoyataja mama mdogo, bibi zetu ndio waliotusimulia tukiwa tumelala kifudifudi kwenye mkeka.

Na hapa nchini sanaa ya namna hiyo haikuingia jana. Wazungu wanahesabu usurealisti wao kuanzia Paris mwaka 1924, André Breton alipoandika tamko lake kuhusu ndoto na mawazo yanayokuja bila kuongozwa na akili. Lakini pale Dar es Salaam, miaka ya 1950, fundi wa Kimakonde Samaki Likankoa alikuwa akitoa kwenye mpingo viumbe wenye miili iliyopinda, na watu wakaiita kazi hiyo shetani. Baadaye George Lilanga, mzaliwa wa Masasi aliyefariki mwaka 2005, akawatia mashetani wake rangi, masikio makubwa, vidole vichache, akawaonyesha wakiishi kama majirani tu. Jina "shetani" lilitisha watu, na lilikuwa na wateja vilevile. Wanaokushangaa kwenye kundi la familia hawajakutana na jambo geni, wamekutana nalo likiwa na sura ya ndugu yao. Hilo ndilo zito.

Nikwambie ninachodhani, na unaweza kunipinga. Sidhani kama kilichomnyamazisha mama ni kugeuzwa cherehani. Nadhani ni kile kidoti cha shavuni. Ungemchora mwanamke yeyote, picha ingekuwa ya wanawake wote wanaoshona usiku. Kwa kidoti, ni yeye, wa Ngamiani, na kila anayemjua atakumbuka ni mwaka gani mumewe aliondoka. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Pengine miaka 20 mama yako amekuwa akijiona kama mwanamke aliyesimama, aliyesomesha, aliyemaliza. Picha imemkalisha tena pale gizani, mbele ya watu, na jicho linatoka uzi. Wewe ulikuwa mtoto chini ya cherehani, ukakumbuka sauti iliyokulaza. Yeye aliyekuwa juu yake hatujui anakumbuka nini. Inawezekana anakumbuka mgongo, au mafuta ya taa yaliyokuwa yakiisha. Sijui, na ndiyo maana nakusihi usimsemee.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uzito. Nilipokuwa msichana kama wewe, nilisimama kwenye sherehe ya harusi ya ndugu yetu nikasimulia jinsi mama alivyouza herini zake za dhahabu nipate ada. Nililia nikisimulia, ukumbi ukalia. Mama alitabasamu. Tulipofika nyumbani, akivua viatu, akaniambia taratibu: "Sasa watu watakuwa wananitazama masikio." Nilikuwa nimesema kweli tupu, na kwa mapenzi, kama wewe. Muda mrefu baada ya siku ile alikuwa akifunga mtandio unaofunika masikio.

Umeuliza kama ni haki mtu azuiwe kuchora maisha yake. Hakuna wa kukuzuia, na utoto wako ni wako. Ila kwenye chumba kile mlikuwa watatu. Usiku uliouchora ni wako, na ni wake pia, na mdogo wako ana kipande chake. Swali langu kwako ni dogo kuliko lako: katika picha ile, ni sehemu gani uliyoikumbuka wewe, na ni sehemu gani uliyomkisia mama? Watoto wanaolala kwenye sare umewakumbuka. Uzi kwenye jicho umeukisia.

Nikupe mifano miwili ya watu wa kazi yako, maana nimeifikiria sana wiki hii. Wa kwanza ni Louise Bourgeois, aliyezaliwa Paris mwaka 1911. Wazazi wake walikuwa na kazi ya kutengeneza mazulia ya ukutani yaliyochakaa, na mama yake alikuwa fundi wa sindano. Huyo binti alipokuwa mzee alimtengeneza mama yake kama buibui wa chuma, mwenye urefu wa zaidi ya meta 9, amebeba mayai ya marumaru tumboni, akamwita "Maman", yaani Mama. Watu wengi walipomwona waliogopa, ilhali mwenyewe alieleza kwamba buibui ni mama yake kwa sababu ni mfumaji, mvumilivu na mlinzi. Ukimsoma huyo utapata moyo: kumfanya mama kiumbe cha ajabu si lazima iwe tusi. Lakini tazama miaka. Buibui yule ni wa 1999, na mama yake alifariki 1932. Hakuwa na wa kumuuliza. Wewe wa kwako anapalia mkaa juu ya wali, na nauli ya basi unayo.

Wa pili ni Man Ray, Mmarekani aliyekuja kuwa mmoja wa wasurealisti wakubwa wa Paris. Baba yake alikuwa mshona nguo, na nyumbani kwao sindano na vitambaa vilikuwa maisha ya kila siku. Mwaka 1920 alichukua cherehani, akaifunika blanketi, akaifunga kamba, akaipiga picha. Anayetazama haoni cherehani, anaona tu umbo la kitu kilichofichwa. Huyu alibadili jina, na hakupenda sana kuzungumzia alikotoka. Sikwambii ufiche kama yeye. Nakuonyesha kwamba kufunika pia ni njia ya kuchora, na kwamba kitu kilichofunikwa vizuri kinaweza kusema sana.

Sasa tuje kwenye hizo siku 10. Umeniandikia kwamba ukiiondoa picha "najua nafasi yangu atapewa mwingine". Msimamizi alisema hivyo, au umekisia? Barua haisemi. Kama hujamuuliza, muulize kesho, kwa adabu na bila kuomba radhi kupita kiasi: mwambie picha inahusu mtu aliye hai, kuna mazungumzo ya familia yanaendelea, ungependa bango lisubiri kidogo au lichukue picha nyingine. Wenye kuandaa maonyesho ya pamoja wamezoea mambo haya, picha huchelewa, fremu huvunjika. Anaweza kukasirika, nisikudanganye. Anaweza pia kukuona mtu mgumu wa kufanya naye kazi, na mji huu wa wasanii ni mdogo. Lakini anaweza pia kukwambia mnaweza kutumia ile ya mnazi wa viatu.

Fomu uliyosaini itafute, uisome mwenyewe neno kwa neno, usitegemee uliyoambiwa mdomoni. Angalia kama umeruhusu picha itumike kwenye bango na mitandao, na kwa muda gani. Kumpa mtu picha aitundike ni jambo moja, kumruhusu aichapishe ni jingine. Hata mnunuzi akilipa akaondoka nayo, amenunua turubai. Hakimiliki inabaki kwako mpaka uihamishe kwa maandishi. Nchi yetu ina sheria ya jambo hilo tangu 1999, na COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo ya kuuliza ukikwama. Na hesabu ya pesa uifanye bila kujificha: baada ya asilimia 40 yao utabaki na shilingi 1,080,000, yaani zaidi ya kurasa 40 za sungura na fisi. Ni pesa ya maana, sitaidharau, wala usione aibu kwamba inakuvuta. Ila ukiuza, picha itakwenda ukutani kwa mtu usiyemjua, na siku mama akisema "nataka kuiona tena" hutakuwa nayo. Unaweza kuionyesha ukaandika pembeni "haiuzwi". Wasanii wengi hufanya hivyo kwa picha ambazo bado hawajamalizana nazo moyoni. Hapo waandaaji watakosa kamisheni yao, kwa hiyo ni jambo la kuzungumza nao mapema.

Njia nyingine ni kuibadilisha. Kuondoa kidoti ni kazi ya nusu saa ya brashi. Lakini nahofia mambo mawili. La kwanza, ukiondoa kwa woga, bila yeye kujua, utakuwa umemfuta baada ya kumwanika, na familia tayari imeiona yenye kidoti. La pili, wewe utaijua, na kila ukipita mbele yake utaona pale palipokuwa na shavu la mama. Akikuomba yeye uondoe, hilo ni jambo tofauti kabisa, mtakuwa mmeichora wawili.

Unaweza pia kuiondoa kabisa, ukapeleka nyingine. Wapo watakaokwambia ni woga. Mimi siwezi kusema hivyo, binti aliyeondoa picha kwa sababu ya mama bado ni mchoraji kesho yake. Ninachohofia ni ukiiondoa na usimwambie kwa nini, kisha miaka ikapita ukawa unamdai kimoyomoyo deni ambalo hajui kama analo. Na unaweza kuionyesha kama ilivyo, mama akiwa kimya. Inawezekana akaja kuzoea, inawezekana akaja kujivunia watu wakimsifia mwanawe. Inawezekana pia asizoee. Hiyo hatari ni yako kuipima, mimi siishi na ukimya wake.

Kuhusu yale ya dini, sitajifanya shehe. Ndugu zako wamelitaja kwa hasira, na si mahali pa kulijadili hapo kwenye simu. Kama mama mwenyewe linamkera, mwombe akutajie mtu mwenye elimu anayemwamini, mkamsikilize pamoja. Linaweza kuwa ndilo linalomnyima usingizi, na linaweza kuwa halimo kabisa moyoni mwake. Huyo mama mdogo naye usigombane naye kwa sasa. Yeye ni dada aliyemwona dada yake akishona mpaka alfajiri, na hasira yake ina chimbuko. Lakini asiwe mkalimani. Mama yako anasema Kiswahili safi.

Kuna jambo moja ambalo halijafanyika bado, na katika mashauri yote haya ndilo ninalolitamani zaidi: mama hajaiona picha. Ameona kitu cha upana wa kiganja, kwenye kioo cha simu, baada ya kuambiwa ni zimwi. Hajaona turubai ya sentimita 120, hajaona yale maua ya dhahabu uliyoyapaka, hajawaona watoto waliolala ndani ya sare, na mmoja wao bila shaka ni wewe. Sijui kama basi litakubali kubeba turubai hiyo, labda uifunge kwenye blanketi. Au umlete yeye Dar kabla ya ufunguzi, siku ambayo ukumbi hauna mtu, mkae naye pale chini. Usimweleze kitu, maana umeshaeleza kwa brashi. Mwache atazame. Akilia, alie. Akisema ondoa, utakuwa umesikia kwake, si kwa kundi la simu, na utajua ni nini hasa anachotaka kiondoke: uso, jina, bango, au vyote. Inawezekana akasema jambo ambalo wewe na mimi hatujaliwaza hata kidogo.

Na kama hataki kuja wala kutazama, usimlazimishe. Nenda hivyohivyo, mkono mtupu. Beba daftari lako la kuchorea na kalamu ya risasi. Subiri amalize kazi za jikoni, kisha fungua cherehani ile, kama bado ipo, na umwombe akuonyeshe uzi unapita wapi.